Ndoto inayojirudia: uliza kwanza inarudi lini

Ndoto inayojirudia ni ile unayoiota tena na tena, kwa miezi au kwa miaka, kisa kikiwa kilekile au kikikaribiana sana. Si lazima kila kitu kifanane. Leo unakimbizwa na mbwa, mwezi ujao na mtu usiyemwona uso, lakini miguu ni mizito vilevile, na unashtuka ukitweta palepale uliposhtukia mara iliyopita. Wengine huota wanaanguka, meno yanang'oka, basi limewaacha, au wako uchi mbele za watu. Zile za kupaa angani kwa raha zipo, ila nyingi zinazorudi ni za hofu au fedheha.

Yangu ni ya mtihani. Nimo kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne, Novemba, karatasi ya Hisabati. Sare inanibana kwapani, maana mimi ni mtu mzima mwenye watoto. Msimamizi anapita akiweka karatasi kifudifudi juu ya madawati, na hapo ndipo nakumbuka kwamba mwaka mzima sikuingia darasani hata siku moja. Natafuta namba yangu ya mtihani kwenye dawati, siioni. Ndoto hii ninayo kwa zaidi ya miaka 15, na mtihani huo nilishaufaulu.

Kwetu ndoto hii ina tafsiri iliyo tayari: kuota umerudi shule ni kurudishwa nyuma. Nilipomsimulia shangazi, alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, usilichukulie hili mzaha. Kuna mtu hataki uende mbele." Alisema kwa mapenzi, akitaka nijilinde. Lakini nilitoka pale na hofu mbili, ya mtihani na ya huyo mtu. Wiki nzima nikawa nawatazama jirani, wifi yangu, hata rafiki niliyesoma naye, nikijiuliza ni nani. Hiki ndicho kinachonisumbua kwenye orodha za tafsiri, kwamba nyoka ni adui, jino likitoka ni msiba, ukila nyama usingizini umelishwa uchawi. Zinampa kila muotaji jibu moja bila kumuuliza anaishi maisha gani, na mara nyingi jibu lenyewe ni mtu wa karibu wa kumshuku.

Sigmund Freud, daktari wa Vienna, aliigusa ndoto ya mtihani katika kitabu chake kuhusu ndoto kilichotoka mwaka 1899. Aliona kwamba watu huota mitihani waliyofaulu, si ile iliyowashinda. Yeye mwenyewe aliwahi kufeli somo la tiba linalohusu mambo ya mahakama, wala hakuwahi kuliota. Alichokuwa akiota ni mitihani ya elimu ya mimea, ya wanyama na kemia. Kwa maoni yake ndoto ile huja usiku wa kuamkia jambo zito, na ndani yake mna faraja: hata ule uliuogopa, na ukapita. Mengi ya Freud yamepingwa tangu hapo, tena kwa haki, lakini hili nimelipima mwenyewe.

Nilianza kuandika tarehe nyuma ya daftari la matumizi ya nyumbani. Baada ya mwaka nilikuwa na tarehe sita. Moja ilikuwa siku mbili kabla ya ukaguzi wa hesabu kazini. Nyingine ni wiki ambayo mama alilazwa na mimi ndiye niliyetakiwa kutafuta pesa. Nyingine ni usiku wa kuamkia kikao cha mahari ya mdogo wangu, ambapo familia ilinichagua niwe msemaji. Zote sita ni siku za kupimwa, na kila mara nilijiona sijajiandaa. Sikuwa narudishwa nyuma na mtu yeyote.

Kwa nini picha ya zamani ndiyo ije? Tangu mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walipoonyesha kwamba kuna kipindi cha usingizi ambacho macho hucheza kasi chini ya kope, tumejua kwamba ndoto zenye kisa kizito huja zaidi katika kipindi hicho. Hurudi takriban kila dakika 90, na kadiri kunavyokaribia kucha ndivyo kinavyorefuka. Ndiyo maana ndoto za alfajiri ndizo tunazozikumbuka vizuri. Wakati huo sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia huwa zimechangamka, na sehemu ya mbele inayopima na kuhoji huwa imetulia. Kwa hiyo hofu ya leo ikitafuta umbo, hulikuta lile la kwanza lililowahi kuibeba hofu ya namna hiyo, na hakuna anayesimama kuuliza mzee mzima anafanya nini ndani ya sare. Haya ndiyo maelezo yanayoniingia akilini. Mtafiti wa Finland, Antti Revonsuo, alitoa mengine mwaka 2000: ubongo hutumia ndoto kufanya mazoezi ya kukabili hatari.

Msomaji wa dini asidhani namtaka aache imani yake. Hadithi za Mtume zinagawa ndoto mafungu matatu: ya kheri itokayo kwa Mungu, ya kutisha itokayo kwa shetani, na ile ya mtu kuzungumza na nafsi yake. Fungu hili la tatu ndilo tunalolisahau. Na juu ya ndoto mbaya tumefundishwa kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na kutomsimulia mtu. Katika Biblia, Mhubiri anasema ndoto huja kwa sababu ya shughuli nyingi. Na Farao alipoota ng'ombe kisha masuke, Yusufu alimwambia ndoto ni moja, imekuja mara mbili kwa sababu jambo limethibitishwa. Picha mbili, jambo moja.

Wakati mwingine sababu ni mwili. Homa huleta ndoto za ajabu, na anayetafuta choo usiku kucha ndotoni huenda kibofu kimejaa tu. Dawa nazo zimo: efavirenz, iliyotumiwa sana kwenye ARV kabla ya dolutegravir, na mefloquine ya malaria, zote zinajulikana kwa kuleta ndoto kali. Ndoto zikianza baada ya dawa mpya, mwambie anayekuhudumia kliniki, usiiache dawa kimyakimya. Jinamizi la kukukaba ukiwa macho huwezi hata kuinua kidole ni jambo jingine: akili imeamka kabla misuli haijarudishiwa nguvu. Na mzee anayepiga ngumi na mateke akifuatisha ndoto yake apelekwe kwa daktari, kwa sababu huenda ikawa dalili ya mapema ya ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka mwili.

Ndoto ya aliyenusurika ajali, vita au kubakwa inahitaji uzito wa peke yake. Hiyo haivai picha ya zamani, inarudisha tukio lenyewe. Freud aliwazungumzia askari wa vita kuu ya kwanza walioota hivyo, mwaka 1920, na ilimlazimu kuitilia shaka nadharia yake mwenyewe, kwamba ndoto hutimiza matamanio. Mtu wa namna hii asiambiwe ajikaze. Kuna tiba iliyopimwa, na Barry Krakow na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo yake mwaka 2001 kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kijinsia: mtu huiandika ndoto, huibadilisha apendavyo, kisha huipitia ile mpya kichwani kila siku akiwa macho. Ndoto mbaya zilipungua. Kwa jambo zito kama hilo, ni vizuri kuwa na mshauri nasaha kando yako.

Yangu si ya kiwango hicho, lakini niliijaribu njia hiyohiyo. Niliandika kwamba nainua mkono, namwambia msimamizi, "Samahani mwalimu, huu mimi nilishaufanya," naye ananifungulia mlango. Niliipitia kila usiku kwa wiki mbili kabla ya kulala. Mwezi Machi, kabla ya ukaguzi mwingine, ndoto ilirudi. Madawati yalikuwa yaleyale, karatasi kifudifudi, na mkono sikuuinua. Ila safari hii sikuwa na sare. Nilikuwa nimevaa nguo zangu za kazini.