Protini inayodhibitiwa kwa dawa: maana yake

Geuza boksi la Septrini katika duka lolote la dawa pale Majengo, Dodoma, usome ubavuni: trimethoprimu miligramu 80, sulfamethoksazoli miligramu 400. Hiyo trimethoprimu hushambulia bakteria kwa kukibana kimeng'enya chao kimoja wanachokihitaji kutengenezea DNA.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliipa kazi nyingine. Walichukua kimeng'enya hicho kutoka kwa bakteria E. coli, wakakidhoofisha makusudi kisiweze kujikunja sawasawa, kisha wakakiunga na protini waliyotaka kuiongoza. Seli haivumilii protini iliyolegea. Huipeleka kwenye proteasomu, kinu cha seli cha kusaga protini, ikasagwe, pamoja na chochote kilichoungwa nayo. Trimethoprimu ikiingia, hukishika kile kimeng'enya, umbo likakaza na protini nzima ikasalimika. Ni kama mzabibu wa hapa kwetu: bila nguzo na waya hulala chini, ukipata pa kushika husimama. Dawa ikiisha, usagaji unaanza upya.

Basi protini ya namna hii ni ile iliyosanifiwa ili wingi wake ndani ya seli uamuliwe na dawa. Anayemeza Septrini leo hapati badiliko hilo, kwa kuwa seli zake hazina protini hiyo ya kuundwa.

Njia ya zamani zaidi hugusa jeni, yaani maelekezo ambayo seli hufuata kutengeneza protini. Mwaka 1992 watafiti Manfred Gossen na Hermann Bujard, wakiwa Heidelberg, Ujerumani, waliunda mfumo ambao tetrasaiklini, dawa nyingine ya bakteria, huzima jeni. Mwaka 1995 ukaja wa kinyume chake: doksisaiklini, dawa ya jamii ya tetrasaiklini, ikiwepo, jeni huwaka. Tofauti ya njia hizi mbili ni kubwa, na wengi huipita haraka. Ukizima jeni unasimamisha utengenezaji tu. Protini zilizokwisha kutengenezwa huendelea na kazi mpaka zichakae zenyewe. Ukiilenga protini yenyewe, zilizopo nazo huondoka.

Kwangu mimi, thamani kubwa ya haya yote iko kwenye tiba ya jeni. Jeni ikishaingizwa mwilini si rahisi kuitoa, hivyo daktari anahitaji namna ya kupunguza protini yake inapozidi.

Tatizo ni kwamba doksisaiklini na trimethoprimu bado tunazitegemea kutibu maambukizi. Kumpa mtu dawa hizo miaka na miaka ni kuwafunza bakteria wa mwilini mwake usugu, na usugu tayari unatusumbua. Ndiyo maana mifumo mingine imejengwa juu ya dawa zisizolenga bakteria, zikiwemo za homa ya ini aina ya C.