Harambee ya usonji shuleni: yanayosemwa na yalivyo

Wanafunzi wa Moshi wanapochangisha kwa ajili ya wenzao wenye usonji, iwe kwa kuuza maandazi wakati wa mapumziko au kwa matembezi hadi Mnara wa Saa, yanayosemwa kwenye kipaza sauti huwafikia wengi kuliko fedha. Kwa hiyo yawe sahihi.

Dhana: Tunachanga ili wapone.
Usonji si maradhi. Ni namna ubongo unavyokua, na mtu huishi nao maisha yake yote. Fedha zina kazi nyingine kabisa: nauli ya mzazi wa Rombo anayemleta mtoto mjini kwa mazoezi ya mawasiliano, kadi za picha kwa asiyetumia maneno, vizuia kelele vya masikioni, mafunzo kwa walimu. Bango la "Tuwaponye" lisipandishwe kabisa; mtoto mwenye usonji naye anajua kusoma.

Dhana: Ni laana, au mama alikosea.
Hili linawaumiza akina mama mno, na halina ukweli. Vinasaba vina mchango mkubwa. Malezi hayasababishi usonji. Chanjo pia haisababishi. Makala ya 1998 ya Andrew Wakefield, aliyekuwa daktari Uingereza, iliyoihusisha chanjo ya surua na usonji, ilifutwa mwaka 2010 na jarida lililoichapisha. Utafiti wa Denmark wa 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukuona uhusiano wowote.

Dhana: Ni wa wavulana tu.
Wasichana wanao pia. Mara nyingi huchelewa kutambuliwa.

Dhana: Asiyeongea haelewi.
Wapo wanaoelewa kila neno linalosemwa juu yao. Msimjadili mtoto mbele yake.

Dhana: Bila muziki mkubwa, watu hawatoi.
Siku ya usonji ya Umoja wa Mataifa ni Aprili 2, na Aprili kwetu ni masika. Mvua ikinyesha, wote hubanana bwaloni, na spika humo ndani zinaweza kumuumiza kwelikweli mtoto ambaye shughuli ni yake. Punguzeni sauti. Tengeni chumba tulivu, na ratiba ya picha ibandikwe mlangoni. Msimsimamishe mtoto jukwaani watu wamwonee huruma na kutoa noti. Kama anapenda kazi ya kuhesabu fedha, apewe. Picha zipigwe kwa ridhaa yake na ya mzazi.

Mkimaliza, andikeni mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo, shilingi kwa shilingi, na wazazi wa watoto hao wawe wa kwanza kuulizwa kinachohitajika.