Kichupo cha Vim si faili, jamani

Nimeulizwa tena. Safari hii swali limekuja kama picha ya skrini: Vim, kihariri cha maandishi cha kwenye terminali, imefunguliwa, juu kabisa kuna msururu wa vichupo hadi majina ya mafaili yamebanwa na hayasomeki, na chini yake ujumbe: “Kaka, kuna plagini ya kuhama vichupo haraka? `gt` inachosha.” Inachosha, ndiyo. `gt`, amri ya kwenda kichupo kinachofuata, haikuwekwa kwa kuhama kati ya mafaili.

Imani yenyewe ni hii: faili moja, kichupo kimoja, na ukifunga kichupo umefunga faili. Watu huitoa kwenye kivinjari na kwenye vihariri vya kubofya kwa kipanya, na huko ni kweli. Kwenye Vim si kweli hata robo. Bafa ni maandishi ya faili yakiwa kwenye kumbukumbu. Dirisha ni sehemu ya skrini unayoitazamia bafa. Kichupo ni mpangilio wa madirisha, basi. Faili halikai ndani ya kichupo, wala kichupo hakimiliki chochote.

Bado hujakubali? Chukua mechi ya Simba na Yanga inayoonyeshwa kwenye baa yenye televisheni mbili. Mechi ndiyo bafa, televisheni ndiyo dirisha, na kichupo ni ukumbi mzima na jinsi televisheni zilivyopangwa. Goli likiingia linaonekana kote kuwili. Ukizima televisheni moja, refa hapulizi kipenga mpira ukaisha.

Sasa fungua `models.py` kwenye vichupo viwili, futa mstari katika kimoja, kisha nenda cha pili. Mstari haupo. Nimewahi kuletewa hili kama hitilafu ya Vim, na aliyelileta alikuwa amekasirika kweli. Alidhani ana nakala mbili, moja ya kuchezea na moja ya akiba. Ana bafa moja, na `u` (tengua) kwenye kichupo chochote itarudisha mstari kwenye vyote.

Historia kidogo inasaidia. Bram Moolenaar alitoa Vim kwa umma mwaka 1991, kwenye kompyuta za Amiga. Madirisha mengi yalikuja na toleo la 3.0 mwaka 1994. Vichupo vilikuja na toleo la 7.0, mwaka 2006. Hesabu mwenyewe: miaka kumi na miwili watu walihariri miradi mikubwa yenye mafaili chungu nzima na hapakuwa na kichupo hata kimoja, na hakuna aliyekufa. (Ukiwa Afrika Mashariki na hujawahi kuandika `:help uganda`, andika leo. Moolenaar alijitolea Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, na hadi leo ukifungua Vim bila faili inaweza kukukumbusha watoto wa huko. Wengi huuona ujumbe ule kila siku na kuuruka.)

Amri ya kwanza ni `:ls`, ya kuorodhesha bafa. Inatoa kitu cha namna hii:

```
  1 #h   "views.py"       line 42
  2 %a + "models.py"      line 118
  3      "settings.py"    line 0
  4  h + "urls.py"        line 9
```

Namba ni ya kudumu: bafa ikishapewa 4 itabaki 4 hadi utoke Vim, hata ukifuta ya 3. Ndiyo maana orodha za watu wazima huwa na mapengo, msishangae. `%` ni bafa uliyomo, `#` ni ile uliyotoka, `a` inaonekana kwenye dirisha, `h` imefichwa lakini ipo kwenye kumbukumbu, `+` ina mabadiliko ambayo hujayahifadhi. Angalia `settings.py`: haina `a` wala `h`. Vim inalijua jina tu, maandishi hayajapakiwa. Kwa hiyo acheni kuniambia kwamba `vim *.py` “inajaza RAM”. Bafa ambayo hujaitembelea ni jina kwenye orodha.

Kuhama, sasa. Usihesabu vichupo, taja jina. `:b mod` kisha Enter inakupeleka `models.py`, kwa sababu kipande chochote cha jina kinatosha ilimradi kisifanane na cha bafa nyingine. Kikifanana unapata kosa E93, ongeza herufi. Kitufe cha Tab kinakukamilishia. Mimi nina mstari huu kwenye `.vimrc`, faili la mipangilio ya Vim:

```
nnoremap gb :ls<CR>:b<Space>
```

Unabonyeza `gb`, orodha inatokea, kishale kinasubiri namba au kipande cha jina. Hakuna plagini. Zile za kutafuta kwa kukisia herufi ni nzuri, ninazo kwenye laptopu yangu, lakini seva ya mteja ambayo umeingia kutoka mbali kwa SSH usiku wa manane haina, na pale ndipo mazoea yanapopimwa. `:bn` na `:bp` (bafa inayofuata na iliyotangulia) sizitumii sana. Zina kasoro ileile ya `gt`: unapita usivyovitaka ili ufike unachokitaka.

Kinachotumika kuliko vyote ni `Ctrl-^`, yaani kurudi kwenye `#`. Kazi nyingi za kuandika programu ni mafaili mawili, msimbo na jaribio lake, na kitufe hiki kinakurusha huku na huku bila kufikiri. Kimetoka vi ya Bill Joy, kihariri cha zamani ambacho Vim inakifuata, kabla hata Vim haijazaliwa. Kwenye kibodi za Kimarekani ni Ctrl na 6. Wenzetu wa Bujumbura na Lubumbashi wenye kibodi za Kifaransa za AZERTY wana haki ya kulalamika, maana kule `^` haipo juu ya 6 na terminali nyingine hazipitishi chochote ukijaribu. Tumieni `:b#`, kisha muifunge kwenye kitufe mnachokipenda. Na ukiweka namba mbele, `4` halafu `Ctrl-^`, unakwenda bafa ya nne moja kwa moja.

Alama za herufi kubwa nazipitia haraka: weka `mA` kwenye faili unalorudia kila saa, kisha `'A` inakurudisha hapo kutoka popote. `Ctrl-o` inakurudisha ulikotoka hata kama ni bafa nyingine. Tosha.

Tuje kwenye kinachonikera hasa, kwa sababu naamini ndicho kinachowafukuza watu kwenye bafa na kuwarudisha kwenye vichupo. Umebadilisha `models.py`, hujahifadhi, unaandika `:e views.py` ili ufungue faili jingine, Vim inakataa kwa kosa E37 na kukwambia uongeze `!` ukitaka kulazimisha. Mgeni anaitii kama alivyoambiwa: `:e! views.py`. Mabadiliko yake ya `models.py` yamekwenda na maji. Hakuulizwa mara ya pili.

Ukali wa jambo hili ni kwamba alama hiyohiyo kwenye amri jirani haifanyi hivyo. `:b! views` haitupi chochote. Inaificha bafa ya zamani pamoja na mabadiliko yake na kukupeleka kwenye mpya, na ukirudi unayakuta. Alama moja ya mshangao, hali moja, matokeo mawili yanayopingana, na ujumbe wa kosa haukwambii upo upande gani. Wakongwe watakujibu kwamba yote yameandikwa kwenye `:help`. Yameandikwa, nakubali. Lakini nani anasoma `:help` wakati kosa jekundu limemkodolea macho?

Dawa ni mstari mmoja:

```
set hidden
```

Ukiiwasha, bafa yenye mabadiliko inaruhusiwa kujificha bila ugomvi, E37 ya kuhama inakoma, na hata `:e! views.py` haikuibii tena. Neovim, iliyochipuka kutoka Vim mwaka 2014, imeiwasha yenyewe tangu toleo la 0.6. Vim imeiacha imezimwa. Wasichokijua wengi ni kwamba kichupo kilikuwa kinafanya kazi ya `hidden` kwa mlango wa nyuma: `:tabe`, ya kufungua faili kwenye kichupo kipya, haikupi E37 kwa kuwa bafa ya zamani bado ina dirisha kwenye kichupo kingine. Basi mtu anajifunza kwamba “vichupo vinafanya kazi, bafa zinasumbua”, na mwaka mzima baadaye ananitumia picha ya skrini.

Je, `hidden` ina ubaya? Ina, na makala za kufundisha Vim huuruka. Unasahau. Unabadilisha kitu kidogo kwenye bafa, unahama, saa mbili zinapita, unaendesha majaribio na yanafeli, unalaumu kila kitu isipokuwa ile `+` iliyofichwa. `:ls +` inaorodhesha zenye mabadiliko peke yake, na `:wa` inahifadhi zote. Kuna wanaoweka `autowrite` ili Vim ihifadhi yenyewe wakihama. Mimi sijashawishika. Kwenye mradi wenye programu inayojiwasha upya kila faili linapohifadhiwa, `autowrite` inakupa msimbo wa nusu unaoendeshwa kabla hujaumaliza. Lakini siwezi kumwambia mwandishi wa maandishi ya kawaida kwamba anakosea kuitumia.

Kuna pia kisa cha `:q!`. “Vim imekataa kufungwa!” Haijakataa. Ulikuwa na dirisha moja, uliitupa bafa uliyoiona, na kwa kuwa kulikuwa na nyingine iliyofichwa yenye mabadiliko, Vim imekuletea hiyo usoni uamue. Inakuhurumia. `:qa!` ndiyo isiyo na huruma: inatoka na zote, na kama ulikuwa na bafa sita zenye `+`, zote sita zimekwenda.

Kufunga, basi. `:q` inafunga dirisha. `:tabc` inafunga kichupo. Hakuna kati ya hizo inayoondoa bafa kwenye orodha. Anayeondoa ni `:bd`, na hata hiyo haifuti kabisa, inaipakua bafa na kuitoa kwenye orodha, `:ls!` bado inaionyesha, ikiwa na alama `u`, yaani haimo kwenye orodha ya kawaida. Anayefuta kweli ni `:bw`, na simshauri mtu aizoee, kwa kuwa inaondoka na alama zako.

`:bd` ina tabia moja ambayo nashindwa kuitetea: inafunga pia madirisha yote yaliyokuwa yanaionyesha bafa hiyo. Umegawa skrini vizuri, msimbo kushoto na jaribio kulia, umemaliza na la kulia, `:bd`, na mgawanyo wako umevunjika. Wengi tunatumia hii:

```
:bp|bd #
```

Dirisha linahamia bafa iliyotangulia kwanza, kisha ile uliyoiacha inaondolewa. Inafaa mara nyingi. Bafa ikiwa inaonekana kwenye madirisha mawili, lile la pili linafungwa vilevile, na ikiwa ndiyo bafa pekee kwenye orodha hakuna pa kuhamia. Sina mstari mmoja unaoshinda kila hali.

Na vichupo vina kazi yake, msije mkasema nimevipiga marufuku. Kimoja cha kazi uliyonayo, kimoja ulichogawa kwa ajili ya kulinganisha mafaili mawili. `:tcd` inakipa kichupo saraka yake, na hapo kinaanza kufanana na mradi mdogo. Ila `:ls` ni moja kwa vichupo vyote: bafa za mradi huu na za mradi ule zinachanganyika kwenye orodha ileile, na hapo wapenda vichupo wana hoja dhidi yangu. Kuna plagini zinazojaribu kuzitenga. Nilizojaribu zote zilinichanganya zaidi ya orodha ndefu. Miradi ikiwa miwili nafungua Vim mbili ndani ya tmux, programu ya kugawa terminali, kila moja na orodha yake. Gharama yake ni E325, onyo la faili la swapu (faili la muda ambalo Vim huliweka kwa kila faili unalohariri), pale Vim zote mbili zinapogusa faili moja. Likitokea bonyeza `q`, nenda kwenye ile Vim nyingine, faili liko wazi kule.