Vimeng'enya huwasha, lignini hujiunga yenyewe

Wanafunzi wa misitu huniuliza kila mwaka: ni kimeng'enya gani kinachojenga lignini? Hakuna. Vimeng'enya huandaa malighafi na kuiwasha. Kuungana, molekuli huungana zenyewe. Hakuna jambo ninalolipenda zaidi katika fani yangu.

Lignini huchukua karibu robo ya uzito wa mbao kavu ya paina, mara nyingi zaidi. Hujaza nafasi kati ya nyuzi za selulosi, ikaugumisha ukuta wa seli na kuuzuia usivujishe maji. Bila hiyo mirija ya zailemu, yaani tishu inayopandisha maji, ingebonyea kwa mvuto wa maji yanayopanda majanini.

Kazi huanza ndani ya seli, kwa asidi amino iitwayo fenilalanini. Kimeng'enya PAL huing'oa amonia, ambayo mti huirudisha kwenye matumizi, maana naitrojeni ni adimu. Hufuata msururu wa vimeng'enya karibu kumi, na wa mwisho ni CAD, kinachogeuza aldehaidi kuwa alkoholi. Alkoholi hizo ndizo monolignoli. Paina hutengeneza hasa ile ya koniferili. Mkaratusi huongeza ya sinapili, ambayo pete yake ya kaboni imezibwa mahali ambapo kaboni ingeshikana na kaboni. Vifungo vya namna hiyo ni vigumu mno kuvunja, na ndiyo sababu kiwanda cha karatasi huondoa lignini ya mkaratusi kwa urahisi kuliko ya paina.

Monolignoli zikifika ukutani hukutana na lakasi na peroksidasi. Lakasi hubeba shaba na kutumia oksijeni. Peroksidasi hubeba chuma na kutumia haidrojeni peroksaidi. Zote mbili huinyang'anya monolignoli elektroni, ikabaki radikali, yaani molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake, isiyotulia. Radikali hiyo ikikutana na nyingine, au na ncha ya lignini iliyokwisha kuanza, hushikana papo hapo. Protini hupangwa kwa kufuata maagizo ya DNA. Lignini haina kiolezo, wala mfuatano maalumu.

Mti basi hudhibiti mahali. Lakasi na peroksidasi huwekwa ukutani mapema, na lignini huanza kwenye pembe ambako seli hupakana, kisha husambaa. Hata seli ya mrija ikishakufa, kuta zake huendelea kugumu: seli jirani zilizo hai huiletea monolignoli na peroksaidi, na vimeng'enya vilivyoachwa ukutani vinafanya kazi yao.

Ushahidi ninaoupenda ni wa paina aina ya loblolly huko Marekani, ulioripotiwa mwaka 1997. Mti ule ulikosa karibu CAD yote. Kama lignini ingehitaji matofali yale yale tu, mti ungekufa. Haukufa: aldehaidi ambazo hazikugeuzwa ziliingia zenyewe kwenye lignini, na mbao ikawa ya kahawia. Japani kuna mforsadi wenye kasoro ya kimeng'enya hicho hicho, na mbao yake ni nyekundu.

Aldehaidi hizo unaweza kuziona. Kata kipande chembamba cha shina changa, kidondoshee kemikali ya floroglusinoli iliyoyeyushwa kwenye spiriti, kisha asidi kali ya haidrokloriki (vaa glavu na miwani, fungua madirisha). Baada ya dakika chache zailemu huwa nyekundu ya waridi, na kiini laini cha katikati hubaki kilivyokuwa. Kwenye darubini mpaka kati ya seli na seli huonekana mwekundu kuliko pengine.

Jaribu pia paina iliyoinama, kama zile za miteremko ya Mufindi. Upande wa chini wa shina hutengeneza pete za ukuaji pana, nyeusi-nyeusi, zenye lignini nyingi zaidi na monolignoli nyingi za aina iliyo sahili kuliko zote. Mbao hiyo husinyaa kwa urefu kupita kawaida. Seremala akipigilia ubao wenye upande huo, kabla haujakauka vizuri, utapinda ukiwa ukutani.