Chini ya Mtwara hakuna mto usiokauka

Ujumbe ule umerudi kwenye magrupu: eti chini ya Mtwara unapita mto usiokauka, kwa hiyo kisima kikipungua chimba zaidi, maji utayakuta tu. Si kweli, na huku pwani ushauri huo huharibu visima. Ukitumiwa, tafadhali usiusambaze.

Maji ya ardhini ni mvua iliyozama na kujaa kwenye mchanga na nyufa za mawe. Maeneo kama Mikindani na Msimbati, maji baridi hayo huelea juu ya maji chumvi yaliyopenya kutoka baharini, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa kanuni ya makadirio, uso wa maji baridi ukishuka mita 1, mpaka wake na maji chumvi unaweza kupanda mita 40 hivi. Sasa wewe chimba.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Ikizidi kunyesha kwa vishindo, nyingi hukimbilia baharini kabla ya kuzama. Zao nalo lina mchango: mtama na mihogo hutegemea mvua, ila bustani ya mboga ya kiangazi yenye pampu hunywa akiba.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Ukiinama kisimani husikia maji yakichuruzika ukutani, kweli kama kijito.

Pima mwenyewe. Funga jiwe kwenye kamba yenye mafundo, ishushe alfajiri kabla hayajatekwa, mwezi Mei na tena Oktoba. Hesabu mafundo yaliyobaki makavu chini ya mdomo wa kisima: yakiongezeka, maji yameshuka. Kisha yaonje maji kama yana chumvi.