Vita vya kiroho: unapigana na nani?

Asubuhi pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, dagaa wanapopimwa kwa sado, lile kopo la kupimia, hukai sana kabla hujalisikia neno hili. Wateja wamepungua: "hii ni vita". Mtoto anaota ndoto mbaya: vita. Injini ya mtumbwi imegoma katikati ya maji: vita tena, ingawa plagi haijabadilishwa tangu mwaka juzi.

Neno lenyewe ni la haki kabisa. Mkristo anayeisoma Biblia hawezi kusema uovu ni hadithi tu ya kutishia watoto. Vita vya kiroho ni upinzani anaoukuta mtu anayemfuata Kristo: majaribu, uongo, hofu, kukata tamaa, na nguvu za giza zilizo nyuma ya mambo hayo. Paulo aliwaandikia Waefeso akiwa amefungwa minyororo: "kushindana kwetu sisi si juu ya damu na nyama, bali ni juu ya falme na mamlaka". Kwa Kigiriki, hilo "kushindana" ni neno la mieleka. Mpinzani yuko karibu, mmekamatana mwili kwa mwili, na kila mmoja anataka kumwangusha mwenzake.

Lakini tazama alichokitaja kwanza: si damu na nyama. Maana yake si jirani yako, si mke mwenza, si shemeji aliyejenga nyumba ya bati kabla yako. Hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza. Mtu anaingia mkesha wa Ijumaa akipigana na Shetani, anatoka alfajiri akiwa na jina la mtu wa mtaani kwake. Ukishamtaja mtu, umeshahama uwanja wa vita.

Huku Kanda ya Ziwa tumelipia kosa hilo kwa damu. Vikongwe wameuawa Usukumani kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa miaka mingi ya kupikia kuni na samadi katika jiko lisilo na dirisha. Neno la Kigiriki ambalo Biblia yetu inalitafsiri Ibilisi, yaani diabolos, maana yake ni msingiziaji. Ufunuo nao unamwita mshitaki wa ndugu zetu. Kwa hiyo anayesimama kanisani na kumsingizia bibi wa watu uchawi, hata akisema kwa machozi na kunena kwa lugha, kazi anayoifanya ina mwenyewe.

Efeso haukuwa mji mgeni kwa uganga. Matendo 19 inasimulia waliokuwa wakitumia uganga walivyoleta vitabu vyao wakavichoma hadharani, thamani yake vipande 50,000 vya fedha. Walichoma vya kwao wenyewe. Nyumba ya jirani hawakuigusa.

Silaha anazozitaja Paulo ni kweli, haki, utayari wa Injili ya amani, imani, wokovu na neno la Mungu, kisha anahimiza kusali kila wakati. (Dirii, ambayo wengi tunaikariri bila kuijua, ni vazi la kivita la kukinga kifua.) Chumvi, kitambaa na chupa ya mafuta havimo kwenye orodha hiyo. Na agizo analolirudia ni kusimama, mtu asing'olewe alipo.

Je, dhoruba ya ziwani nayo ni vita? Katika Marko 4 Yesu anaukemea upepo, na neno la Kigiriki analoiambia bahari, "utulie", ni lile lile alilomwambia pepo mchafu kule Kapernaumu. Mvuvi wa hapa anayekwenda kutega dagaa usiku na kukutana na radi na upepo anaelewa hilo haraka kuliko mhubiri. Ila MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ilikuwa imejaza watu kupita uwezo wake. Omba, halafu vaa boya, na usikilize utabiri wa hali ya hewa.

Mlango wa Ibilisi ambao Paulo anautaja waziwazi katika barua hiyo hiyo kwa Waefeso ni mdogo sana: hasira inayolala nawe. Jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka, anasema, wala msimpe Ibilisi nafasi. Yakobo naye ana mpangilio wake. Tunaupenda mstari wa "mpingeni Shetani, naye atawakimbia" na kuupigia kelele hadi spika zinakwaruza, lakini nusu yake ya kwanza ni "mtiini Mungu". Mama anayekemea mapepo ya biashara usiku kucha, huku sado yake imebonyezwa kitako ili ipokee dagaa wachache, aanzie hapo kwenye sado.