Kabla hujauacha mtori ukashika kopo

Wiki hii alikuja mama mmoja kutoka Marangu, kapakata mfuko wa rambo. Nikamwamkia, akaitika, kisha akatoa kopo kubwa la unga wa vanila. "Mwanangu, nisomee hiki kitu. Mjukuu kanisomea nikaona kama ananidanganya." Binti yake aliye Dar ndiye aliyelituma kwa basi, na maelekezo kwa simu: asubuhi kikombe, jioni kikombe, chakula mchana tu. Kilo zitashuka, sukari itatulia.

Mimi ni mtaalamu wa lishe hapa Moshi, na makopo ya namna hii nayaona kila mwezi. Siyachukii. Wodini watoto wenye utapiamlo mkali tunawaanzishia maziwa ya F-75, wakitengemaa tunawapa F-100, na namba hizo ni kilokalori katika kila mililita 100. Chakula cha unga kilichopimwa vizuri kinaokoa maisha. Ila kilipimwa kwa ajili ya mtu fulani, kwa muda fulani.

Hata hilo la sukari halikutungwa na binti. Mwaka 2017 Uingereza walitoa matokeo ya utafiti uitwao DiRECT. Watu wenye kisukari aina ya pili, waliougua kwa miaka isiyozidi sita na wasiotumia insulini, waliishi kwa vinywaji vya unga kiasi cha kilokalori 825 hadi 853 kwa siku, miezi mitatu mpaka mitano. Baada ya mwaka, asilimia 46 sukari yao ilikuwa imerudi chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Wenzao walioendelea na matibabu ya kawaida, asilimia 4.

Habari hiyo ndiyo inayosambaa kwenye simu. Kisichosambaa ni kwamba dawa zao za sukari na za presha zilisimamishwa siku ileile walipoanza, chini ya uangalizi, na kwamba chakula kilirudishwa polepole kwa wiki kadhaa.

Nikamuuliza mama anameza nini. Glibenklamidi, asubuhi na jioni. Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Dawa hii hulisukuma kongosho limwage insulini, uwe umekula ama hujala. Meza kidonge chako cha kawaida, halafu badala ya bakuli la ndizi na nyama unywe kikombe chepesi: saa nane za usiku sukari imeshuka mno, unatetemeka, jasho linakutoka, na nyumbani mko wewe na mjukuu. Metformini, dawa nyingine ya kisukari, peke yake haina tabia hiyo sana. Glibenklamidi na insulini zinayo, tena kwa mzee hatari ni kubwa zaidi.

Kuhusu kopo lenyewe, kanuni za kimataifa za chakula, ziitwazo Codex, zinataka kinywaji cha kupunguza uzito kinachochukua nafasi ya mlo mmoja kiwe na kilokalori 200 hadi 400, na angalau robo ya nguvu hiyo itoke kwenye protini. Hesabu yake unaifanya hata ukiwa dukani: gramu za protini zidisha kwa 4, kisha linganisha na kilokalori za kikombe kimoja. Kopo la mama lilisema kilokalori 220, protini gramu 8. Nane mara nne ni 32, hata moja ya sita haifiki. Mjukuu hakudanganya, sukari ndiyo iliyotajwa mwanzo kabisa kwenye orodha ya viambato. Unga wa wanyanyua vyuma nao una kasoro yake, protini tele lakini vitamini na madini haba. Na uji wa lishe wa nafaka saba ni uji. Mzuri, lakini ni uji.

Tukakubaliana hivi: kopo lirudi kwa mjukuu, anywe yeye akitoka shule. Mama aonane na daktari kuhusu dozi kabla ya kupunguza mlo wowote. Mtori abaki nao, wa ndizi mshare na nyama isiyo na mafuta, ila kwa bakuli dogo, na mboga za majani ndizo zijaze sahani.

Alipofika mlangoni akageuka. "Na mbege je?"

Nikamrudisha kwenye kiti.